Mashine Isikie Lahaja Zote

Mjadala wetu, malenga na wapenzi wa lugha, kuhusu programu zinazosikia sauti ya binadamu na kuigeuza maandishi umejikita mahali pasipofaa. Tunabishana juu ya jina la kuzipa. Tunabishana kama zitaua ustadi wa kuandika. Wengine wanauliza kama mashine itaweza siku moja kutunga shairi lenye vina na mizani. Maswali hayo yana utamu wake wa barazani, wala simnyimi mtu utamu huo. Lakini lililo zito zaidi limepita pembeni bila kuguswa, nalo ni hili: mashine inafundishwa Kiswahili cha nani? Nadai kwamba swali hilo linaamuliwa sasa hivi, na kwamba wanaoliamua ni wachache, wengi wao vijana wa mijini wenye nia njema. Malenga tusipoingia kazini, lahaja zilizoubeba ushairi wetu kwa takribani karne tatu zitabaki nje ya mlango.

Nianze na faida, kwa sababu wapo wenzetu wanaodhani jambo hili ni anasa ya wenye simu za bei kubwa. Wengi wa kizazi cha wazazi wangu walijifunza kusoma na kuandika katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970. Walihitimu kisomo ukubwani, wakaweza kusoma jina la basi, kibao cha zahanati na aya fupi ya gazeti. Kusoma kwa kiasi hicho kuliwatosha kwa dunia ile. Dunia hii imehamia kwenye kioo cha simu, na kioo hicho hakina subira. Mzee anayetaka kutuma fedha hubonyeza nyota, tarakimu, nyota tena, alama ya reli, kisha hutokewa na orodha ya maandishi madogo inayofutika kabla hajaimaliza. Macho yamefifia, kidole kinatetemeka, huduma imekatika, na aanze upya. Mwishowe humwita mtu. Mtaani kwangu hapa Tanga nawajua wazee zaidi ya mmoja ambao namba zao za siri za fedha zinajulikana na mjukuu, na jirani, na kijana wa kibanda cha wakala. Hao si watu wa kudharauliwa. Mmoja wao amehifadhi kifuani tenzi ndefu ambazo mimi, mwenye cheti cha chuo cha ualimu, sithubutu kuzighani bila karatasi.

Mtu huyo akiweza kuiambia simu yake, kwa maneno yake mwenyewe, impelekee mwanawe shilingi elfu kumi, na simu ikamjibu kwa sauti kuwa imempelekea fulani kiasi fulani na salio ni hili, atakuwa amerudishiwa siri yake. Vivyo hivyo kwa mvuvi anayetaka kujua upepo wa kesho, na mama anayetaka kuuliza dawa ya mtoto inapewa mara ngapi kwa siku. Yote hayo yamekwisha andikwa kwenye intaneti. Lakini intaneti ilijengwa na wasomaji kwa ajili ya wasomaji, na kwa watu wengi wa pwani na bara kuandikwa kwa jambo si sawa na kufika kwa jambo.

Sisi wa ushairi tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mizani huhesabiwa kwa sikio. Kina kilichopotea hugunduliwa na asiyejua hata herufi moja, tena humgunia mtungaji hadharani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na diwani yake ikachapwa mwaka 1940. Tungo hizo zilivuka sehemu kubwa ya miaka hiyo katika midomo na vifua vya watu, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika kwa kushirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Hata zile tungo zilizoandikwa mapema kwa hati ya Kiarabu, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, hazikuweza kusomwa na mtu mgeni wa shairi. Hati ile ina alama za irabu tatu, nasi tuna irabu tano. Konsonanti zetu kadhaa hazikuwa na herufi zake. Msomaji alitakiwa alijue shairi ndipo alisome. Karatasi ilikuwa mkongojo wa kumbukumbu, na sauti ndiyo iliyokuwa ikitembea. Kwa hiyo mwenzangu anayelalamika kwamba teknolojia ya sauti inaturudisha nyuma, kwenye zama za kutoandika, anausahau ukoo wake.

Sasa tuitazame mashine yenyewe, maana bila kujua inavyofundishwa hatutaona hatari iko wapi.

Mashine haisomi sarufi. Hupewa rekodi za sauti pamoja na maandishi ya kile kilichosemwa, maelfu kwa maelfu, hadi itambue kwamba mawimbi ya namna hii huandikwa hivi na ya namna ile huandikwa vile. Pamoja na hilo hujifunza ni neno lipi hupenda kuandamana na lipi, ili sauti ikiwa na utata ichague lenye uwezekano mkubwa. Ulishike hilo la pili. Ndilo linaloifanya mashine ionekane mwerevu kwa msemaji wa kawaida, na ndilo linaloifanya iwe kiziwi kwa msemaji asiye wa kawaida. Ikisikia neno isilolijua haisemi "sikuelewa, rudia," kama mgeni muungwana. Huchukua neno jirani inalolijua na kuliandika bila kusita.

Na inayojua ni machache. Programu ya Whisper iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022 ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000 tu za sauti iliyoandikwa kwa lugha yake yenyewe, na mgao huo haukuwa sawa, kwani lugha za mataifa tajiri zilichota kwa ndoo na zetu kwa kifuu. Mwaka uliofuata kampuni ya Meta ilitoa programu inayotambua lugha zaidi ya 1,100. Ni kazi ya kusifiwa. Ila rekodi zilizowezesha wingi huo zilikuwa hasa za watu wakisoma Agano Jipya, kwa sababu ndicho kitabu kilichotafsiriwa na kusomwa kwa sauti katika lugha nyingi kuliko vingine. Sina ugomvi na kitabu hicho. Nasema tu kama mwalimu: mtoto aliyelelewa na msomaji mmoja wa Maandiko, asitoke nje kwenda sokoni wala kisimani, ataijua lugha kwa upande mmoja. Atajua "amin, nawaambia" kabla ya kujua "punguza bei, mama."

Njia ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa kuwa inaendeshwa na wachangiaji wa hiari. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla ulianza mwaka 2017. Mtu yeyote huweza kusoma sentensi kwa sauti, na wengine wakasikiliza na kuthibitisha. Majirani zetu wa Rwanda waliuchangamkia kuliko sote: Kinyarwanda, lugha ya nchi ndogo, kimekusanyiwa zaidi ya saa 2,000, nyingi kuliko lugha kadhaa kubwa za Ulaya. Waliofanya hivyo si matajiri. Vijana walikutana, wakasoma, wakathibitishana, siku baada ya siku. Kiswahili kilipata msukumo wake mwaka 2021, pale dola milioni 3.4 zilipotangazwa kwa ajili ya mradi huo, Afrika Mashariki na Kiswahili vikipewa kipaumbele. Kazi ikafanyika na inaendelea. Naiheshimu. Mchangiaji hupewa hata nafasi ya kutaja lafudhi au lahaja yake, jambo ambalo vitabu vyetu vingi vya shule havikuwahi kulijali.

Lakini kuna mtego katika utaratibu wenyewe, na sijaona wengi wakiutaja. Sauti huthibitishwa kwa kulinganishwa na sentensi iliyoandikwa. Watu wawili wakikubali kuwa kilichosomwa ndicho kilichoandikwa, rekodi hupita. Wakikataa, hutupwa. Sasa mpe bibi wa Lamu sentensi isemayo "Njia hii ina jua kali." Akiisoma kama ilivyoandikwa, atakuwa amesoma Kiswahili cha shule kwa lafudhi ya Lamu, nacho mashine ilikuwa nacho tayari. Akiisema kama anavyosema nyumbani kwake, "ndia" mahali pa "njia" na "yuwa" mahali pa "jua," mthibitishaji makini atabonyeza "hapana," na kwa kanuni za mradi atakuwa sahihi. Lahaja basi haiingii kwa mlango wa msomaji. Huingia kwa mlango mmoja tu, ule wa sentensi: mpaka kwanza mtu awe ameiandika sentensi ya Kiamu kwa Kiamu, ya Kimvita kwa Kimvita, ya Kipemba kwa Kipemba.

Na nani kati ya Waswahili amezoea kuandika kwa lahaja? Waandishi wa habari hawaandiki hivyo. Walimu tumekatazana. Watunga sheria, wahubiri, wenye matangazo ya biashara, wote huandika sanifu au kitu kinachodhaniwa kuwa sanifu. Waliodumu kuziandika lahaja kwa fahari, kizazi baada ya kizazi, ni washairi. Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki kwa Kimvita akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, na kitabu hicho kilipochapwa mwaka 1973 hakikuomba radhi kwa lahaja yake. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa neno "runinga," alichimba Kiamu kama mtu achimbaye kisima, akathibitisha kwamba lahaja inaweza kuihudumia teknolojia badala ya kuikimbia. Ndiyo maana naielekeza makala hii kwenu wala si kwa mafundi wa kompyuta. Fundi hana sentensi hizo. Ninyi mnazo.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa nimeshalisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Watasema: tulipambana miaka mingi kukipa Kiswahili sura moja, na sasa unataka kuirudisha vurugu? Historia wanayoitaja ni ya kweli. Katika karne ya 19 Krapf alikuwa Mombasa akikitetea Kimvita na Steere alikuwa Unguja akikiandika Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji, na huo ndio mzizi wa kamusi na sarufi tulizofundishia. Wamvita walinuna, na baadhi ya wajukuu wao hawajaacha kununa. Mimi siufungui upya ugomvi ule. Nimesahihisha insha kwa kalamu nyekundu zaidi ya miaka thelathini, na mwanafunzi aliyeniandikia "mato" katika insha ya mtihani ningemsahihisha leo kama nilivyomsahihisha jana, kwa kuwa anakwenda kusomwa na mtu wa Kigoma asiyejua neno hilo.

Lakini kuandika na kusikia ni kazi mbili. Usanifishaji ulikuwa mapatano juu ya mkono. Haukuwa kamwe mapatano juu ya sikio. Mwalimu mwema wa Kidato cha Kwanza hupokea darasa lenye watoto waliotoka Pangani, Kilwa, Makunduchi, na wengine ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Yeye hujibu kwa sanifu. Hata hivyo mtoto akimwambia kwa lugha ya nyumbani kwamba anaumwa, hamwambii arudi akajifunze kwanza ngeli. Anamwelewa, anampeleka zahanati, na ngeli zitakuja Jumatatu. Mashine inayotaka kuhudumia umma inatakiwa angalau iwe na adabu ya mwalimu huyo. Iseme sanifu ikipenda, iandike sanifu, sina pingamizi. Kusikia, isikie lahaja zote.

Nilijaribu jambo hili mwaka jana kwa programu moja ya kuandika kwa imla iliyokuwa katika simu ya binti yangu. Nilipotamka sentensi sanifu iliandika bila kosa, hata koma ikaziweka pake. Kisha nikamwomba bibi mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa mtaani kwetu tangu ujana wake, aseme chochote kwa lugha ya kwao. Akasema: "Mato yaniuma, na ndia ni mbali." Programu ikaandika kwamba watoto wanamuuma, na ndiyo ni mbali. Tulicheka sana, na bibi akaapa kuwa watoto wake hawakumuuma hata walipokuwa wakinyonya. Sasa liondoe jambo hilo sebuleni ulipeleke kwenye simu ya huduma ya afya, mahali ambapo anayesikiliza ni mashine peke yake, na mgonjwa ni bibi huyohuyo, na maumivu ni ya kweli.

Makosa ya aina hiyo hayatokani na ugumu wa Kiswahili. Kwa mashine, lugha yetu ni rahisi kuliko nyingi: tahajia inafuata matamshi, mkazo unakaa mahali pake, hatuna toni za kubadili maana kama jirani zetu wengi wa Kibantu. Ugumu uliopo unakaa hasa katika yale ambayo hati sanifu iliyaacha. Mtu wa Mombasa ana t mbili, moja ulimi ukigusa meno na nyingine ukirudi nyuma kwenye ufizi, na kwake hizo ni sauti mbili mbalimbali kama p na b. Waswahili wengi wa pwani hutofautisha paa wa mwituni na paa la nyumba kwa pumzi inayofuata p, na kaa wa baharini na kaa la moto vilevile kwa pumzi ya k. Kalamu yetu ilifumba macho juu ya tofauti hizo. Sikio la mashine, likifunzwa vizuri, halina haja ya kufumba. Linaweza kusikia ambacho kamusi imekinyamazia karibu karne nzima, na hapo mtaalamu wa lugha anayeipuuza kazi hii anajinyima mwenyewe.

Ya Kongo siwezi kuyaeleza kwa undani unaostahili, ila yasisahauliwe. Mtu wa Lubumbashi anaposema "batu" tunaposema "watu" hajakosea Kiswahili. Anasema Kiswahili cha mji mkubwa kuliko mingi ya miji yetu. Kiswahili cha Maskati nacho kina wazee wake, na hao hawatatungoja. Kuhusu Sheng sina wasiwasi wowote. Vijana wa Nairobi wana simu mikononi usiku na mchana, na mashine itawajua kabla haijatujua sisi.

Tena tuseme ukweli mmoja unaotuhusu Watanzania. Hatupendi kusikia kwamba Kiswahili, kinacholalamika mbele ya Kiingereza, ndicho kikubwa mbele ya wengine. Kutoka mlangoni kwangu, kwa safari ya nusu siku, nafika kwa Wadigo, Wabondei, Wazigua na Wasambaa. Bibi kizee wa Lushoto anayesema Kisambaa tu ana haki ya kuhudumiwa na simu yake kuliko mimi ninayeweza kusoma. Haya ninayoyadai kwa ajili ya lahaja yanadaiwa na lugha hizo kwa nguvu zaidi, na malenga wenye asili ya huko wasione aibu kuanza na lugha ya mama.

Nifike sasa kwenye jambo lililonifanya nisite kabla ya kuandika. Ni haki ya mali.

Kinachowekwa katika Common Voice hutolewa chini ya leseni ya CC0. Maana yake kwa Kiswahili cha wazi ni kwamba mtoaji ameachilia haki zake zote. Yeyote duniani aweza kukitumia kwa lolote, kwa biashara au kwa hisani, bila kuomba wala kutaja jina, na hakuna kurudisha nyuma. Kwa sentensi za kawaida naona hilo ni sawa. Bei ya dagaa si urithi wa mtu. Lakini nimesikia pendekezo, lililotolewa kwa moyo mweupe, kwamba madaftari ya mashairi yaliyomo sandukuni mwa familia zetu yapigwe picha, yanakiliwe, yamwagwe yote humo ili mashine ipate lahaja kwa wingi. Nalipinga pendekezo hilo. Shairi la mtunzi aliye hai ni lake. La marehemu lina warithi, na haki ya mtunzi hudumu miongo kadhaa baada ya kifo chake. Zaidi ya sheria kuna adabu: zipo nyimbo za unyago, zipo tungo za kuombea, yapo mafumbo ya mtu na mkewe, ambayo hayakutungwa ili yapite katika masikio ya kila mpita njia.

Wamaori wa New Zealand wametuonyesha kwamba mtu anaweza kuipenda teknolojia hii na bado akashika ufunguo wa nyumba yake. Mwaka 2018 kituo chao cha redio kiitwacho Te Hiku Media kiliwaita watu wasome sentensi za Kimaori, na kwa siku 10 wakapata takribani saa 300 za sauti. Makampuni ya nje yalipotaka rekodi za namna hiyo, walikataa kuzitoa. Wameweka leseni yao wenyewe, wanayoiita kwa neno la Kimaori lenye maana ya ulinzi au uangalizi, inayosema kuwa manufaa ya sauti hizo yawarudie wenye lugha kwanza. Wakaunda mashine yao wenyewe. Kwao lugha ilikuwa imepokonywa mashuleni kwa vizazi, na hawakutaka kuuziwa tena walichonyang'anywa.

Je, nasi tuwaige? Nimelifikiri sana, na jibu langu ni la kugawanya. Kiswahili ni lugha ya mamilioni kwa mamilioni, inayoenea. Kuifungia ndani hakuwezekani, na kujaribu kutawaacha nyuma wale wazee wa namba za siri nilioanza nao. Sentensi za maisha ya kila siku tuzitoe kwa mkono uliokunjuliwa, hata kama kampuni tajiri itanufaika, kwa kuwa bibi wa Mombasa atanufaika pia. Tungo zetu tuzitoe kwa ridhaa ya wenyewe tu, moja moja, au tuzihifadhi mahali penye masharti yetu. Na sauti yenyewe iwe jambo la kufikiriwa na kila mtu peke yake. Watumiaji wa rekodi za mradi huo hukubali kutojaribu kumtambua msemaji ni nani, na sharti hilo ni jema. Lakini sauti ina sura ya mwenyewe, matapeli wa siku hizi wanajua kuiga, na mzee anayeombwa kuichangia aelezwe hilo kabla hajafungua kinywa, kwa lugha anayoielewa.

Wazee hao hasa ndio wanaotakiwa. Katika miradi ya namna hii sauti nyingi huwa za wanaume, tena vijana, kwa sababu ndio wenye simu na muda. Sauti ya mama wa miaka 70 aliyepoteza meno mawili ya mbele, mwenye pumzi fupi na kicheko katikati ya sentensi, ni adimu. Msimsahihishe. Msimwambie aongee "vizuri." Mkalishe penye utulivu, mbali na redio na kuku, umsomee sentensi kama hana miwani, aiseme baada yako kwa namna yake, naye akiisema tofauti, badilini maandishi ya sentensi ijayo yafuate kinywa chake.

Kuhusu sentensi zenyewe, kanuni zinataka ziwe na maneno yasiyofika 15, zisiwe na tarakimu, na ziwe za mwandishi mwenyewe au zisizo na hakimiliki. Mshairi hapaswi kulalamika juu ya ufinyu huo. Mshororo wa mizani 16 hauna maneno zaidi ya manane au tisa, na ndani yake mmezoea kutia dunia nzima. Ila msitie vina. Mashine haihitaji vina. Inahitaji kusikia namna mtu anavyoulizia chumvi, anavyomkaripia mtoto, anavyoeleza kwamba ngalawa imeingia maji, anavyomjibu daktari. Andikeni "elfu kumi" kwa maneno. Andikeni majina ya samaki, ya pepo, ya magonjwa, ya sehemu za nyumba na za jahazi, maana hayo ndiyo yanayotofautiana kutoka kijiji hadi kijiji na ndiyo yasiyopatikana magazetini. Mimi na wenzangu wawili wastaafu tumekwisha jaza madaftari mawili ya Kimtang'ata kwa msaada wa wavuvi, na kila tukidhani tumemaliza majina ya nyavu huja mtu na jingine.

Limebaki suala la tahajia, na hapa naomba hoja zenu kwa sababu tusipokubaliana kila mmoja ataandika lake na mashine itachanganyikiwa. Napendekeza tuandike lahaja kwa herufi za kawaida zinazojulikana na kila kijana aliyemaliza darasa la saba: "mato," "ndia," "moya," kama zinavyotamkwa. Ile n inayosimama peke yake kama silabi tuipe kiapostrofi, kama wafanyavyo washairi wa Mombasa. Zile t mbili na ile pumzi ya "paa" tusizitilie alama, maana msomaji wa hiari akiona alama asizozijua ataacha kusoma. Badala yake sentensi yenyewe ibebe maana: paa amekimbilia kichakani, paa la jikoni limevuja. Wapo wataalamu watakaosema huko ni kupoteza tofauti tuliyoipigania. Ningependa kuwasikia Waamu na Wapemba kabla hatujaanza daftari la tatu.